Saa Moja, Saa Tano, Saa Tisa: Ratiba ya Siku kwa Mtoto wa Mbwa Mpya

Mtoto wa mbwa akifika nyumbani, watu wengi huanza na jina, kola na banda. Anza na saa za chakula. Chakula kikiingia kwa saa, kinatoka kwa saa, na mbwa anayejua chakula chake kinakuja lini hana sababu ya kulia mlangoni mchana kutwa. Mengine yote katika mwongozo huu, yaani choo, usingizi, mafunzo, hata kutafuta kupe, yanafuata saa hizo za kula.

Sisi wa Uganda tuna bahati moja: Ikweta inapita kwetu, kwa hiyo jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Saa moja asubuhi kumekucha, saa moja jioni giza linaingia, iwe Januari au Julai. Ratiba utakayoiweka leo haitavurugwa na majira.

Kabla hajafika

Hakikisha ametimiza wiki nane. Wauzaji wa kando ya barabara hupenda kuwauza wakiwa na wiki tano au sita, kwa sababu akiwa mdogo sana anavutia na ananunuliwa upesi. Mtoto wa namna hiyo hajamaliza kujifunza kwa mama yake na ndugu zake kwamba meno yanaumiza, na atakusumbua kwa kung'ata miezi mingi. Muulize anayekupa: alikuwa anakula nini, alipewa dawa ya minyoo lini, amechanjwa nini? Kama kuna kadi, ichukue. Siku za kwanza mpe chakula kilekile alichokizoea hata kama hukipendi, halafu mchanganyie cha kwako kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Ukimbadilishia ghafla ataharisha, nawe hutajua kama ni chakula au ni ugonjwa.

Kisha watu wa nyumbani mkae pamoja mzungumze. Nasema wote: wazazi, watoto, dada wa kazi, kijana wa shamba, askari wa usiku. Mkubaliane nani anamlisha saa ngapi, pembe ipi ya ua ndiyo choo chake, na maneno gani atakayoambiwa. Hili la maneno hupuuzwa sana katika nyumba zetu zenye lugha nyingi. Baba anasema "kaa", bibi anasema "tuula", watoto wanamwambia kwa Kiingereza, na mbwa anabaki amesimama akiwatazama. Chagueni neno moja kwa kila jambo, katika lugha yoyote mnayoipenda, na wote mlitumie hilohilo. Ratiba iandikwe kwenye karatasi ibandikwe jikoni, kwa sababu siku utakayokuwa safarini Mbarara au Gulu, anayebaki naye ndiye atakayeishika.

Katika nyumba nyingi za Waislamu, kama kule Bombo na Arua, mbwa halali ndani na vyombo vyake havichanganywi na vya watu. Ratiba haiharibiki kwa hilo. Mwekee banda karibu na baraza, mahali anapowasikia watu, awe na bakuli zake na mahali pake pa kuzioshea. Kinachomuumiza mtoto wa mbwa ni kutengwa nyuma ya nyumba, peke yake, ambako hakuna anayepita.

Siku yenyewe

Mpaka atimize miezi mitatu, mlishe mara nne: saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa alasiri na saa moja jioni. Kila baada ya saa nne, hata mtoto wa darasa la pili hawezi kusahau.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata ya kuwasha jiko la chai, mtoe nje. Mbebe, usimwache atembee mwenyewe, maana atakojoa njiani. Mweke kwenye pembe yake ya ua na usimame kimya. Usimchezeshe, usimwite. Akimaliza, msifu hapohapo na umpe kipande cha mukene (dagaa) mkavu. Nasisitiza hapohapo: ukisubiri mpaka mfike mlangoni ndipo umpe, atadhani anazawadiwa kwa kurudi ndani.

Saa moja, chakula. Mwekee bakuli, mpe dakika kumi na tano, kisha liondoe hata kama amebakiza. Chakula kinachoshinda chini siku nzima kinaleta nzi, siafu na panya, na kinakunyima habari muhimu kuliko zote: hutajua ni lini mbwa wako alikataa kula. Maji safi yakae muda wote, na huko Arua au Gulu wakati wa kiangazi yabadilishwe mara kadhaa kwa siku.

Baada ya kula, usiondoke. Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Mtazame. Kwa dakika chache atalamba bakuli, atatembea, pengine ataanza kucheza. Kisha mwendo wake utabadilika: pua inashuka chini, anaanza kunusa akizungukazunguka mahali pamoja, mkia unainuka kidogo, miguu ya nyuma inasogea karibu na ya mbele. Ukiona hivyo una sekunde chache tu. Mara nyingi inatokea kati ya dakika tano na nusu saa baada ya kula. Mnyanyue, mpeleke kwenye pembe yake. Ukifanya hivi baada ya kila mlo, na pia kila anapoamka na kila baada ya mchezo mkali, utaona ndani ya wiki chache anaanza kwenda pembeni mwenyewe.

Akikosea ndani ya nyumba, usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo. Anachojifunza hapo ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, na kesho atajificha nyuma ya kochi. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja kumshtua, umbebe nje amalizie huko. Ukikuta tayari ameshamaliza, safisha tu. Osha kwa sabuni, suuza, kisha pitisha maji yaliyotiwa siki ili harufu isimrudishe palepale.

Kati ya saa mbili na saa tano alale. Mtoto wa mbwa hulala saa kumi na nane, hata ishirini, kwa siku, na asiyelala anakuwa mkorofi: anang'ata suruali, anarukia watoto, anabweka ovyo. Watu humwona ana nguvu nyingi wakamchezesha zaidi, kumbe amechoka. Mweke kwenye boksi lake au bandani, kwenye kivuli, na watoto waambiwe kwamba mbwa aliyelala haguswi, kama vile asivyoguswa akiwa anakula.

Saa tano na saa tisa unarudia mzunguko uleule: nje, chakula, mtazame, nje tena, mchezo mfupi, usingizi. Kabla ya kuweka bakuli chini, tumia dakika tatu kumfundisha. Ana njaa, anakusikiliza, na hakuna wakati mzuri kuliko huo. Shika bakuli juu kidogo ya kichwa chake. Akiinua pua kulifuata, makalio yatashuka yenyewe. Yanapogusa ardhi, sema neno lenu la kukaa, kisha mpe chakula. Jina lake lifundishwe hivyohivyo: lita mara moja, akikutazama mpe kitu. Usimwite kwa jina ili umkaripie, la sivyo siku moja atakuwa anaelekea barabarani, utamwita, naye hatageuka.

Saa tisa jua la mchana bado ni kali, kwa hiyo mchezo uwe kivulini. Mwisho wa siku, mnamo saa kumi na moja na nusu, ndipo pa kuzunguka naye uani, kumwonyesha geti, kuku, pikipiki na wageni. Baada ya hapo mwache peke yake kwa muda mfupi, dakika tano kwanza, halafu kumi, halafu nusu saa, kila siku. Mbwa ambaye hajawahi kuachwa, siku mtakapokwenda wote kwenye harusi atalia mpaka majirani wampigie simu mwenyekiti wa kijiji (LC1).

Saa moja jioni mlo wa mwisho. Saa nne usiku mtoe mara ya mwisho, hata kama amelala, mwamshe.

Usiku

Usiku wa kwanza atalia. Ametolewa kwa mama na ndugu aliokuwa akilala juu yao, na giza la nyumba ngeni linamtisha kweli. Kama analala ndani, weka boksi lake karibu na kitanda chako kwa wiki ya kwanza, ulisogeze kidogo kidogo hadi mahali unapotaka. Kama analala nje, mtu akae naye barazani mpaka apitiwe na usingizi. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki nzito, ifunge vizuri, izungushie kitambaa, umwekee pembeni. Kitambaa kilichokuwa kwa mama yake kinasaidia zaidi ya blanketi jipya.

Kuhusu mkojo wa usiku, chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ni saa tatu. Kwa hiyo weka kengele ya simu saa saba usiku na tena saa kumi, mtoe kimya kimya bila taa kali wala mazungumzo, mrudishe. Baada ya wiki chache mara moja itatosha, kisha hutahitaji. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, atagoma kukanyaga majani yenye maji. Tafuta pembe yenye paa, hata kipande cha bati juu ya nguzo nne, kabla mvua hazijaanza.

Kama una askari wa usiku, mtambulishe kwa mbwa wiki ya kwanza na umpe yeye kazi ya kumtoa saa kumi alfajiri. Wapo wanaotaka mbwa awe mkali, kwa hiyo wanamfunga mnyororo kuanzia utotoni, au wanamlisha pilipili. Pilipili inachoma tumbo, basi. Na mbwa aliyefungwa miezi yake ya kwanza anakua na woga, na mbwa mwoga humng'ata mtoto wa jirani kabla hajamng'ata mwizi.

Bakuli lina nini?

Posho, yaani ugali, peke yake haimkuzi mbwa. Namwona kila mahali mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na miguu iliyopinda, na mara nyingi bakuli lake lina posho na mchuzi tu. Anahitaji protini na kalsiamu kwa ajili ya mifupa inayokua. Kama huwezi kununua chakula maalum cha watoto wa mbwa, changanya posho laini au wali na mukene mzima wa kusaga, maini kidogo, yai lililochemshwa na mboga kama karoti au dodo (mchicha). Mukene anafaa sana kwa sababu analiwa na mifupa yake. Nunua ule uliokaushwa kwenye vichanja au nyavu, si ule wa mchangani unaouzwa kwa chakula cha kuku. Ukilazimika, uoshe mara kadhaa. Nyama tupu kila siku bila mifupa hii midogo nayo inaleta miguu mibovu, kwa hiyo usidhani mwenye fedha amesalimika. Muulize daktari wa mifugo kama mchanganyiko wako unatosha.

Jambo moja nalisema kwa uzito: usimpe mbwa unga wa mahindi au karanga zilizoota ukungu. Ile sumu ya ukungu, aflatoksini, huharibu ini, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Mahindi ambayo familia imeyakataa yasipelekwe bandani. Kupika hakuiondoi.

Vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Dakika kumi za jioni

Kila jioni kabla ya mlo wa saa moja, mlaze mapajani umkague. Fanya hivi hata kama anaonekana mzima, kwa sababu unamzoesha pia kushikwa na daktari.

Anza na masikio, ndani na nyuma yake, kisha katikati ya vidole, chini ya mkia na kwapani. Hapo ndipo kupe wanapojificha, na kupe wa Uganda huleta homa zinazoua. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha, umtumbukize kwenye spiriti. Usimmwagie mtoto wa mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe: kipimo cha ng'ombe si cha mtoto wa mbwa, na wengine wameifia. Dawa ya kupe ya umri na uzito wake atakupa daktari.

Angalia nyayo kama kuna funza, hasa kama ua wako ni wa vumbi. Halafu pitisha vidole tumboni na mapajani ukitafuta uvimbe mdogo kama jipu. Ukiukuta, usogeze kwenye mwanga: kama katikati kuna tundu dogo na ndani yake kitu kinachezacheza, huyo ni buu wa nzi wa maembe. Usimkamue kwa nguvu; akipasukia ndani ya ngozi patavimba vibaya. Paka vaseline nzito juu ya tundu ili akose hewa, subiri nusu saa hivi mpaka ajitokeze, kisha bonyeza pande mbili polepole na umtoe kwa kibano. Osha kwa maji ya chumvi. Wakiwa wengi, au mbwa akiwa mnyonge, nenda kwa daktari. Nzi huyo hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, kwa hiyo kinga imo ndani ya ratiba yenyewe: matandiko yaanikwe juani yakauke kabisa, yapigwe pasi kama ni ya kitambaa, na pembe ya choo isafishwe kila siku. Kinyesi kitupwe chooni, maana minyoo ya mbwa huwaingia watoto wanaotembea peku.

Ya wiki na ya mwezi

Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki kumi na mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Chanjo ya distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka atimize wiki kumi na sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu. Andika tarehe kwenye karatasi ileile ya jikoni. Kampala kuna kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kwingineko tafuta daktari wa mifugo wa wilaya. Baadhi ya maeneo hufanya kampeni za chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mpaka chanjo zikamilike, asikanyage barabarani, sokoni wala mahali wanapopita mbwa wa mtaani, maana kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Lakini usimfungie. Muda wake wa kuizoea dunia unaisha akiwa na miezi mitatu hivi, na haurudi. Mbebe mikononi. Akae nawe stendi ya boda boda dakika tano, awaone watoto wa shule, wanawake waliovaa gomesi, mzee mwenye fimbo, ng'ombe wenye pembe ndefu, asikie mvua kwenye mabati.

Akikataa milo miwili mfululizo, akitapika, akiharisha maji au damu, ratiba isimame na uende kwa daktari siku hiyohiyo. Parvo humaliza mtoto wa mbwa kwa siku mbili tatu. Na akimng'ata au kumkwaruza mtu mpaka damu itoke, hata kwa mchezo, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha muende kituo cha afya.

Ratiba inavyokua naye

Akitimiza miezi mitatu, ondoa mlo mmoja: saa moja, saa saba, saa moja. Usiongeze sana ile milo iliyobaki kwa siku moja; gawanya ongezeko kwa wiki. Kati ya miezi minne na sita meno ya utotoni yanang'oka, naye atatafuna chochote, kwa hiyo kila baada ya mlo mpe kitambaa kilicholowa maji baridi kilichofungwa fundo, au karoti nzima mbichi, na kandambili zipandishwe juu.

Miezi sita, milo miwili inatosha, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na hapo zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi. Siku ya upasuaji ataelekezwa asile kuanzia usiku; hiyo ndiyo asubuhi pekee ambayo bakuli la saa moja halitawekwa, basi mtoe nje mapema na mwondoke nyumbani kabla saa hiyo haijafika, asije akakaa mlangoni pa jikoni akilisubiri.